Kutenga na Kusafisha Mazao ya Uchachushaji: Somo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi



Jani la mkonge linalokatwa katika nchi ya Kimamba, kama lilivyo jani la mkonge popote pengine, hutoa singa kwa kiasi cha sehemu nne hivi tu katika kila sehemu mia za uzito wake. Sehemu tisini na sita zinazobaki ni maji na nyama ya jani, navyo kwa miaka mingi vimehesabiwa kuwa ni takataka za korona. Kusini mwa Wilaya ya Kilosa, upande wa Kidodi na Ruembe, miwa husagwa ikatoa sukari, na sukari ikiisha kutolewa hubaki molasi. Mali ya namna hii iliyolala bila kutumika huwavuta watu wenye mipango. Si ajabu chama cha msingi kikaletewa pendekezo la kuchanga fedha, au la kukopa, ili kutengeneza spiriti, asidi, dawa au gesi kutokana na mabaki hayo.

Pendekezo kama hilo huwa na ukweli ndani yake. Hamira na bakteria wanaweza kugeuza mabaki ya shamba yakawa vitu vya thamani, na kazi hiyo huifanya bila mshahara. Lakini kitu wanachokitengeneza hukitengeneza ndani ya maji mengi, kikiwa kimechanganyika na uchafu wa kila aina. Kukitoa humo na kukisafisha mpaka mnunuzi akikubali ndiyo kazi nzito, na mara nyingi ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko uchachushaji wenyewe. Chama kinachohesabu faida ya pipa la uchachu bila kuhesabu gharama ya kusafisha huweka fedha za wanachama wake hatarini.

MADHUMUNI YA SOMO

Baada ya kulisoma somo hili, katibu na wanachama waweze:
(a) kueleza kwa nini mazao ya uchachushaji huhitaji kusafishwa;
(b) kutaja njia kuu za kusafisha na mahali kila moja inapofaa;
(c) kupiga hesabu nyepesi ya kiasi kinachopatikana na kiasi kinachopotea;
(d) kuuliza maswali yanayostahili kabla chama hakijatia sahihi mkataba.

1. KILICHOMO NDANI YA PIPA

Kila mama anayepika pombe anajua kwamba hamira hula sukari ikatoa kileo na mapovu. Mapovu hayo ni gesi ya kaboni dioksidi. Kileo ndicho wanakemia wanachokiita alkoholi au ethanoli. Lakini ndani ya pipa hamna alkoholi na maji tu. Mna miili ya hamira iliyokufa, sukari isiyoliwa, chumvichumvi za molasi, asidi kidogo, na vileo vingine vyenye harufu kali.

Zaidi ya hayo, hamira hulewa kwa pombe yake yenyewe. Kileo kikifikia kiasi cha sehemu 8 hadi 10 katika mia, hamira nyingi za viwanda vya molasi hupunguza kazi au hufa. Kwa hiyo hata pipa lililochachuka vizuri lina maji ya karibu sehemu tisini katika mia. Ndugu msomaji aishike kanuni hii, kwa kuwa somo lote limejengwa juu yake: kadiri kitu kinavyokuwa kichache ndani ya maji, ndivyo gharama ya kukitoa inavyopanda.

2. NJIA ZA KUTENGA

Njia zote za kutenga hutafuta tofauti baina ya kitu kinachotakiwa na vile vilivyokizunguka, kisha huitumia tofauti hiyo.

Kutuamisha na kuchuja. Kitu kisichoyeyuka majini huzama au hukamatwa na kitambaa. Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, nayo hutangulia karibu kila mahali.

Kukeneka. Alkoholi huchemka kwenye nyuzijoto 78 za Selsiasi, na maji huchemka kwenye 100. Mchanganyiko ukipashwa moto, mvuke wake huwa na alkoholi nyingi kuliko ilivyo katika maji yaliyobaki. Mvuke ukipozwa hurudi kuwa maji yenye nguvu zaidi. Kazi hiyo ikirudiwa mara nyingi ndani ya mnara mrefu wenye sahani nyingi, nguvu huongezeka kila sahani.

Kugandisha kwa chokaa. Asidi ya ndimu inayouzwa madukani kwa ajili ya soda na peremende hutengenezwa viwandani kwa kuvu anayelishwa sukari au molasi. Asidi haiwezi kukenekwa kama kileo. Kwa desturi hutiwa chokaa, ikageuka unga usioyeyuka kwa urahisi katika maji ya moto. Unga huchujwa, ukaoshwa, kisha hutiwa asidi ya salfa ili kuirudisha asidi ya ndimu katika hali yake. Chokaa nayo huungana na salfa ikawa jasi. Asidi ya maziwa ikisafishwa kwa njia hiyo huacha jasi karibu tani moja kwa kila tani moja ya asidi, na lazima jasi hiyo itafutiwe mahali pa kwenda.

Kuyeyusha kwa kiyeyushi na kutoa fuwele. Baadhi ya vitu huyakataa maji lakini huyeyuka katika spiriti au mafuta mepesi ya petroli. Kiyeyushi kikipozwa au kikipunguzwa, kitu kile hujitokeza kama fuwele safi na uchafu hubaki nyuma. Kazi hii hudai vyombo visivyovuja, ulinzi dhidi ya moto, na mtaalamu aliyesomea.

3. MFANO WA KWANZA: ALKOHOLI YA MOLASI

Katika bonde la Kilombero, ambako mashamba ya miwa yameenea pande zote mbili za mto Ruaha Mkuu na kuingia Wilaya ya Kilosa, kampuni ya sukari ilianzisha mtambo wa kukeneka alkoholi mwaka 2013. Wakulima wa nje ya shamba la kampuni, ambao wengi wao wamo katika vyama vya msingi, huleta miwa yao kiwandani, na molasi ya miwa hiyo ni malighafi ya kazi hii.

Tani 100 za miwa huacha molasi ya tani 3 hadi 4. Tani moja ya molasi nzuri hutoa alkoholi ya lita 250 hivi. Sasa tuchukue lita 1,000 za uchachu wenye kileo cha sehemu 8 katika mia:

Alkoholi iliyomo: 1,000 × 8 ÷ 100 = lita 80.
Spiriti yenye nguvu ya 96 katika mia: 80 ÷ 0.96 = lita 83.
Maji meusi yanayobaki: lita 917 hivi.

Maana yake, kila lita moja ya spiriti huacha lita 11 za maji meusi. Hesabu hii inachukulia kwamba hakuna tone lililopotea, na kiwandani matone hupotea.

Mkenekaji mwenye ujuzi haipokei spiriti yote kuwa sawa. Vitu vinavyochemka upesi hutoka kwanza, na vile vizito vyenye harufu ya mafuta hutoka mwisho. Sehemu hizo mbili hutengwa, na ya katikati ndiyo inayofaa. Miongoni mwa vile vyepesi kuna methanoli, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 65. Uchachu wa molasi huwa na methanoli kidogo tu, lakini methanoli ya viwandani ikichanganywa katika kinywaji hupofusha macho na kuua. Ndiyo sababu spiriti ya kunywa hupimwa na maabara, na sheria ya nchi hukataza kukeneka bila leseni. Chama kisikubali hata siku moja kuwa mlango wa biashara ya gongo.

Tena, kukeneka kwa kawaida hakuwezi kuipitisha alkoholi zaidi ya sehemu 95 na ushei katika mia kwa uzito. Ikifika hapo, mvuke na maji yake huwa na nguvu sawa, na tofauti tuliyokuwa tukiitumia haipo tena. Anayetaka alkoholi kavu ya kuchanganya na petroli lazima atumie njia nyingine, kama vile chokaa au punje za madini zenye vitundu vidogo vinavyonasa maji. Hivyo mtu akiahidi mafuta ya gari kutoka mtambo wa kukeneka peke yake, ahadi yake ina pengo.

4. MFANO WA PILI: HEKOJENINI YA MKONGE

Mfano huu unahusu mkonge wa Afrika ya Mashariki, na unastahili kujulikana katika kila chama kilicho karibu na shamba la mkonge.

Mwaka 1949 madaktari wa Marekani walitangaza kwamba dawa ya kotisoni iliwapa nafuu kubwa wagonjwa wa baridi yabisi. Dunia yote iliitaka, lakini kuitengeneza kutokana na nyongo ya ng'ombe kulikuwa kazi ndefu na ya gharama. Wanakemia wakatafuta mmea wenye kitu kinachofanana nayo kwa umbo. Mwaka 1951 huko London, R. K. Callow, J. W. Cornforth na P. C. Spensley wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba walieleza kwamba mabaki ya mkonge yana hekojenini, kitu kinachoweza kugeuzwa kuwa dawa za jamii ya kotisoni. Kampuni ya Glaxo ya Uingereza iliitumia hekojenini ya mkonge wa Afrika ya Mashariki kuwa malighafi ya dawa hizo.

Tuangalie namna ilivyotengwa, kwa kuwa hapa uchachushaji wenyewe ulifanya sehemu ya usafishaji. Ndani ya jani, hekojenini imefungamana na sukari. Ikiwa hivyo huitwa saponini, nayo huyeyuka majini na kutoa povu kama sabuni. Juisi ya majani ilikusanywa, ikachujwa makapi, ikaachwa ichachuke kwa muda wa siku saba hivi. Vimeng'enya na vijidudu viliikata sukari. Hekojenini ilipopoteza sukari haikuweza tena kuyeyuka, ikazama pamoja na mashapo. Mashapo hayo yalikuwa na sehemu 80 hivi katika mia za hekojenini yote iliyokuwamo katika jani. Yakapashwa mvuke wenye shinikizo kubwa ili kuikata sukari iliyosalia, yakachujwa na kukaushwa. Uliopatikana ulikuwa unga mkavu wenye hekojenini ya sehemu 12 hivi katika mia. Huo ndio uliosafirishwa ng'ambo, ambako uliyeyushwa kwa viyeyushi na kutolewa fuwele safi.

Hesabu yake ni hii. Mazao ya mwisho hukadiriwa kuwa sehemu moja katika sehemu elfu kumi za uzito wa majani. Kwa tani 100 za majani:

Singa: tani 4 hivi.
Hekojenini safi: kilo 10.
Unga wenye sehemu 12 katika mia: 10 ÷ 0.12 = kilo 83.

Ndugu, tani mia moja zimekuwa kilo themanini na tatu. Asiyetoa maji mapema hawezi kulipa nauli ya reli, seuze ya meli. Kwa hiyo hatua za kwanza, yaani kutuamisha, kupasha mvuke, kuchuja na kukausha, zilifanyika karibu na shamba. Na hapo palihitaji uangalifu: juisi ilipaswa kutengwa kabla haijachanganyika na maji mengi ya kuoshea singa, kwa kuwa kila debe la maji lililoongezwa lilikuwa debe la kutolewa baadaye.

Lakini tuione na hatua ya mwisho. Kutoka sehemu 12 hadi fuwele safi, na kutoka fuwele hadi dawa, kazi ilifanyika Uingereza, na bei kubwa ilipatikana huko. Mwenye shamba aliuza unga. Aidha, mnunuzi hakufungwa na mkonge. Wameksiko walikuwa na kiazi-mwitu chao chenye kitu cha jamii hiyo hiyo. Mwaka 1975 serikali yao ilianzisha shirika la umma, Proquivemex, ili wakulima wapate bei bora, na kampuni za dawa zikazidi kutafuta malighafi nyingine. Katika miaka hiyo hiyo ilipatikana njia ya kutumia bakteria kugeuza steroli za mafuta ya soya kuwa malighafi ya dawa hizo, na mimea ya zamani ikapungukiwa na soko. Haki ya mkulima kudai bei bora ni haki ya kweli. Hata hivyo, chama chenye mnunuzi mmoja, wa kitu kimoja, kinachosafishwa na mwingine, kina nguvu kidogo mezani.

5. MFANO WA TATU: GESI INAYOJITENGA YENYEWE

Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuozesha mabaki ya mkonge mahali pasipo hewa ili kupata gesi ya kuendeshea jenereta. Ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 2000, na jenereta yake ilikuwa ya kilowati 150.

Tazama tofauti iliyopo. Alkoholi hubaki ndani ya maji mpaka itolewe kwa moto. Gesi hupanda yenyewe juu ya maji, bila kukenekwa wala kuchujwa. Bakteria wametengeneza na wametenga. Hata hivyo si safi kabisa. Sehemu 60 hivi katika mia ni methani inayowaka, nyingi ya zilizobaki ni kaboni dioksidi, na mna kiasi kidogo cha gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza. Hii ya mwisho hula chuma cha injini na hudhuru mtu akiivuta. Huondolewa kwa kuipitisha gesi katika chombo chenye vipande vya chuma vilivyoshika kutu, ambavyo huinasa. Vipande vikichoka hubadilishwa. Usafishaji wa namna hii, kwa kuelekezwa na fundi, chama kinaweza kuumudu.

Kwa hiyo tunaweza kuyapanga mazao ya uchachushaji katika madaraja matatu. Kwanza, yale yanayouzwa pamoja na maji yake, kama siki, au yanayojitenga yenyewe, kama gesi. Pili, yale yanayotengwa kwa moto au kwa kutuamisha, kama spiriti na unga wa hekojenini. Tatu, yale yanayodai viyeyushi, asidi kali na maabara. Chama kidogo kianzie daraja la kwanza. La pili lifikiriwe na chama kikuu au muungano wa vyama. La tatu lisiguswe bila mbia mwenye ujuzi uliothibitishwa.

6. HASARA YA KILA HATUA

Mtu akisema kwamba kila hatua ya mtambo wake huhifadhi sehemu 90 katika mia, wanachama huona ni vizuri mno. Basi tuzihesabu hatua tano:

Hatua ya kwanza: 90.
Hatua ya pili: 81.
Hatua ya tatu: 73.
Hatua ya nne: 66.
Hatua ya tano: 59.

Mali ya sehemu 41 katika mia imemwagika njiani, na hakuna aliyeiba. Katibu akipewa makisio ya mapato aulize kama yamehesabiwa kwa kilichomo ndani ya pipa au kwa kilichomo ndani ya gunia la mwisho.

7. MAJI MACHAFU

Maji meusi ya mtambo wa alkoholi na juisi ya mkonge si sumu ya papo hapo kwa kila kiumbe, lakini yakiingia mtoni huozea humo, yakamaliza hewa iliyomo majini, na samaki wakafa. Mto Mkondoa huteremka kupita Kilosa na kuingia katika bonde la Wami, ambamo watu wengi huchota, hulima na kunywesha mifugo. Hao nao ni ndugu zetu, na wengi ni wanachama wa vyama vyetu. Mpango wa kusafisha bidhaa bila mpango wa kusafisha maji haujakamilika. Maji meusi ya molasi yana potasi, na Brazili hutumika kurutubishia mashamba ya miwa kwa kipimo maalumu. Yanaweza pia kuozeshwa yatoe gesi kabla ya kutumika shambani. Gharama yake iandikwe katika makisio tangu siku ya kwanza.

8. MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

(1) Kitu kinachotakiwa ni sehemu ngapi katika mia ndani ya uchachu, na nani alipima?
(2) Kuna hatua ngapi za kusafisha, na kila moja huhifadhi kiasi gani?
(3) Moto utatoka wapi? Kama ni kuni, ni za msitu gani, na kwa kibali gani?
(4) Mnunuzi anataka usafi wa kiwango gani, na ameandika hivyo? Spiriti ya kunywa, ya hospitali na ya kuchomea ni bidhaa tatu mbalimbali.
(5) Malipo ni kwa uzito wa gunia au kwa kiasi cha kitu safi kilichomo? Mkataba ukisema gunia, mwenye mali safi humfadhili mwenye mali chafu. Mkataba ukisema kiasi safi, lazima chama kiwe na haki ya kupima upya mahali pengine.
(6) Katika mkataba wa miwa au mkonge, mabaki yametajwa? Molasi na juisi ni mali ya nani baada ya mlango wa kiwanda?
(7) Maji machafu yatakwenda wapi, na Baraza la Mazingira na Bodi ya Maji ya Bonde wameridhia?
(8) Deni litakalochukuliwa limo ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mkutano Mkuu na Mrajis?

Majibu yaandikwe katika kumbukumbu za kikao. Jibu la mdomo lisihesabiwe kuwa jibu.

9. ZOEZI LA KIKAO

Wanachama wakae katika vikundi vya watu kumi, kila kikundi kiwe na mmoja anayejua kuandika hesabu.

Swali la kwanza: Uchachu wa lita 2,500 una kileo cha sehemu 6 katika mia. Tafuteni lita za spiriti yenye nguvu ya 96 zinazoweza kupatikana, na lita za maji meusi zitakazobaki. (Jibu: spiriti lita 156 hivi; maji meusi lita 2,344 hivi.)

Swali la pili: Linganisheni jibu hilo na uchachu wa kileo cha sehemu 8 uliohesabiwa katika somo. Kila lita moja ya spiriti imeacha lita ngapi za maji meusi? Uchachu dhaifu umeongeza kazi kwa kiasi gani? (Jibu: lita 15, badala ya 11.)

Swali la tatu: Tajeni mabaki yote yanayotupwa katika eneo la chama chenu. Kila moja liwekwe katika daraja lake kwa kuangalia bidhaa inayoweza kutoka humo, na mseme sababu.

Katibu akusanye majibu ya swali la tatu, ayaandike kwa mpangilio na kuyawasilisha katika kikao cha Bodi kitakachofuata, ili siku pendekezo litakapoletwa mbele ya chama, wanachama wawe wamekwisha kuipiga hesabu yao wenyewe.